Mwachie pa kutokea

Mwanafunzi anapokujibu kwa ukali mbele ya darasa zima, mengi ya maneno yale hayakulengi wewe. Yanawalenga wenzake waliokaa nyuma. Nilifundisha hisabati kwa miaka 14 kabla ya kuhamia kwenye ushauri nasaha, na karibu nusu ya muda huo niliishia kutunishiana misuli na watoto kwa sababu sikulijua hilo.

Kuna siku siisahau. Kijana wa miaka 15 alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati. Nikamwambia afungue daftari. Kimya. Nikarudia kwa sauti ya juu, akasema, "Sifungui." Nikamwendea, nikamsimamia, kidole kimenyooka: "Unafungua au unatoka!" Darasa likaguna. Akainuka taratibu, akaniangalia, kisha akawaangalia wenzake. "Nitoe basi, mwalimu." Nikasogea hatua moja, naye akafagia kila kilichokuwa juu ya dawati, daftari na rula vikaruka hadi chini ya ubao. Baadaye nikaambiwa kwamba usiku ule hakulala, kwao kulikuwa na mgonjwa mahututi. Lakini hata asingekuwa na sababu yoyote, kosa langu lingebaki lilelile: nilimwachia njia mbili tu, kunitii huku wote wakimtazama au kunipinga huku wote wakimtazama. Kwa kijana wa umri ule, ya kwanza ni kama haipo.

Tuanze na mwili. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia ukihisi hatari: adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio, sukari ya damu inapanda ili misuli ipate nguvu, tumbo linasitisha kazi yake. Mwili hautofautishi sana simba na fedheha. Kijana aliyeaibishwa mbele ya wenzake ana mwili wa mtu aliyevamiwa. Tena sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka 20. Ndiyo maana hotuba ya nidhamu wakati ule ni kazi bure. Hoja zako hazimfikii. Anachosikia ni ukali wa sauti, na anachoona ni jinsi ulivyosimama.

Na mwalimu naye ana mwili. Mori unampanda vilevile, kwa kemikali zilezile, na sidhani kama mafunzo ya ualimu yanalisema hili vya kutosha. Kazi ya kwanza, basi, ni kwako.

Mimi huanza kwa kuweka chini nilichoshika: chaki, rula, kitabu, chochote. Mkono mtupu ni vigumu kuonekana kama silaha, na ile sekunde ya kukiweka mezani inanipa nafasi ya kutoa pumzi. Nasema kutoa, si kuvuta. Pumzi inayotoka polepole kuliko ilivyoingia husaidia kutuliza mapigo ya moyo. Mabega yakishashuka, nasimama kiubavu badala ya uso kwa uso, hatua mbili kutoka kwake, na kamwe siwi kati yake na mlango. Sauti naishusha chini ya yake na kuipunguza kasi. Ukitaka kujua kama unapatia, sikiliza darasa: wakianza kunyamaza ili wakusikie, umepatia.

Mwanasaikolojia Gerald Patterson, aliyechunguza kwa miaka mingi familia zenye watoto wakorofi huko Oregon, Marekani, aliuchora vizuri mtego wenyewe. Mmoja anadai, mwingine anakataa kwa ukali, wa kwanza anaongeza, wa pili naye anaongeza, mpaka mmoja aachie. Aliyeachia anapata nafuu ya papo hapo, aliyebaki anajifunza kwamba ukali unafaa, na safari ijayo wote wawili wanapanda ngazi haraka zaidi. Alikuwa akizungumzia mzazi na mtoto, lakini mwalimu yeyote anaitambua picha hiyo. Kwa hiyo siukubali ushauri wa "mpuuze tu", wala ule wa "mwoneshe nani mkubwa". Yote miwili inaulisha mtego uleule.

Kinachofaa ni maneno machache, chaguo mbili anazoweza kuzibeba bila aibu, kisha kuondoka. Mimi husema hivi: "Naona umekasirika. Unaweza kuanza na swali la tatu, au ukapumzike dakika tano pale dirishani. Nitarudi kwako." Halafu nageuka. Kuondoka ndiko kiini cha yote. Ukibaki umemsimamia ukingoja, umeshayageuza maneno yale kuwa amri. Akibwata chini kwa chini unapokwenda, mwache. Anaokota heshima yake.

Wakati huohuo wape wengine kazi. Jacob Kounin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu uongozi wa darasa bado kinatajwa, alianza utafiti wake baada ya kumkaripia mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akisoma gazeti darasani. Akaona kwamba hata wale ambao hawakuguswa walibadilika papo hapo: wakakaa wima, macho mbele. Athari ya neno lako husambaa kama viwimbi vya maji, na husambaa ukiwa umetulia vilevile kama ukiwa umefoka. Darasa lenye kazi mkononi si hadhira, na bila hadhira ubabe unapungua nguvu.

Ni rahisi zaidi kuwahi kabla moto haujashika. Mguu unaotikisika, penseli inayogongwa, majibu ya neno moja, mtoto mchangamfu aliyenyamaza ghafla: hapo pita karibu, umuulize kwa sauti ya yeye tu kusikia kama yuko sawa.

Kama kuna silaha au ngumi zimesharushwa, haya yote hayatoshi. Toa watoto wengine, ita msaada, usijaribu kumkamata peke yako.

Wengine huniuliza kama huku si kumdekeza. Hapana. Vitabu alivyovitupa ataviokota, na adhabu ya shule inabaki palepale. Ninachobadilisha ni saa. Mwili uliowaka hautulii kwa dakika mbili, na mazungumzo yakianza mapema mno huuwasha upya. Nangoja kipindi kiishe, mara nyingi hata kesho yake, tukiwa wawili tu, na swali langu la kwanza ni: "Ilianzia wapi?" Kisha nanyamaza kweli.

Miaka michache baada ya yule kijana, msichana mmoja aliichana karatasi yake ya mtihani nilipomrudishia, akairusha miguuni pangu. Nikaweka chaki chini, nikatoa pumzi, nikasema sentensi zangu na kurudi ubaoni. Mgongo wangu ulikuwa kwao, masikio yote kwake. Nilipofika mstari wa tatu wa mfano nikasikia kiti kikivutwa, amekaa. Kengele ilipolia hakutoka. Alikusanya vipande, akavipanga juu ya meza yangu kimoja kimoja, akaniuliza kama nina gundi.