Maji ya Lamu yamo mchangani

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, ni ardhi tupu, na anayezuia kujenga pale anawanyima vijana kazi. Si kweli. Vilima hivyo ndilo birika la mji wa Lamu.

Kisiwa hakina mto. Mvua ya masika ikinyesha, mchanga huinywa upesi kabla jua halijaikausha, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya bahari, ambayo ni mazito zaidi. Wataalamu hukadiria hivi: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Visima vikivutwa kupita kiasi, maji yakashuka kidogo tu, chumvi hupanda sana, na kuiondoa huchukua miaka. Mashimo ya vyoo yakichimbwa juu ya mchanga huo huo, uchafu hushukia mle mle.

Hoteli nazo hutumia maji, tena mengi! Mgeni anayekuja kuuona Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, naye ataoga na kunywa. Kwa hiyo kuviacha vilima wazi, na kuelekeza majengo mapya kwingine, ni kuzilinda kazi zile zile za vijana.