Heller 20 ya Tabora: maneno ya mtaani na ukweli wake

"Hiyo ni dhahabu ya Mjerumani!" Ndilo neno la kwanza utakaloambiwa ukionyesha heller 20 ya mwaka 1916, sarafu ya enzi za utawala wa Wajerumani hapa kwetu. Si dhahabu. Zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba njano, na za njano zikisuguliwa hung'aa kiasi cha kumdanganya hata mtu mzima na akili zake. Dhahabu ilipigwa kweli Tabora mwaka huohuo, lakini ni sarafu ya rupia 15, yenye tembo upande mmoja na tai upande wa pili. Yako ikiwa na taji na herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), dhahabu isahau.

Wengine hudhani zililetwa kwa meli kutoka Ujerumani. Heller za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo. Zile zenye herufi A zilipigwa Berlin na zenye J zilipigwa Hamburg. (Na neno letu "hela" limetoka kwenye heller hizohizo.) Vita vilipozuka, manowari za Waingereza zikaziba pwani, chenji ikaadimika, Wajerumani wakapiga sarafu katika karakana ya reli Tabora. Ile T chini ya mwaka ndiyo Tabora yenyewe. Kazi haikudumu: Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji.

"Zote ni zilezile." Hapa ndipo watu wanapopoteza mali mkononi. Chukua lenzi, tazama taji: kuna kubwa, kuna dogo. Geuza, usome HELLER, kisha tulia kwenye L mbili. Katika baadhi ncha zake ni kali. Katika nyingine L ya pili peke yake imejikunja nchani. Na kuna zilizojikunja zote mbili. Changanya hayo na rangi ya shaba, utapata aina nyingi, baadhi adimu mno. Nyekundu kwa jumla ni chache kuliko za njano. Mimi niliwahi kukaa na moja karibu mwaka mzima nikiiita ya kawaida, mpaka asubuhi moja nilipoiinamisha dirishani nikauona mkunjo mdogo kwenye L ya kwanza pia. Mikono ilinitetemeka.

Uzee peke yake hauipi sarafu bei. Mwenye kukuahidi mamilioni, kisha akaomba kwanza "ada ya kupima", ni mwizi.

Na kuisafisha? Mzee mmoja aliniletea nyekundu nzuri, nyumbani walikuwa wameisugua kwa ndimu na majivu ili ipendeze. Iling'aa kama sufuria mpya, mikwaruzo imelipitia taji lote. Rangi ile ya kahawia iliyojengeka kwa miaka mia moja hairudi tena, na wakusanyaji huitambua sarafu iliyosuguliwa kwa kuitupia jicho tu. Niliumia kumwambia. Ukiipata yako, ishike kwa ukingo, iviringishe kwenye karatasi kavu, uiache na uchafu wake.