"Nonplussed": amepigwa na butwaa au hakushtuka?

Katika maneno ya Kiingereza yanayohusu kuchanganyikiwa, hakuna linalonisumbua kama "nonplussed". Kazi yangu ni kufasiri hadithi, na kila nikikutana nalo lazima nisimame kwanza.

Asili yake ni Kilatini, "non plus", yaani hakuna zaidi. Waingereza walilipokea katika karne ya 16 likiwa nomino: hali ya kufika mahali ambapo huna tena la kusema wala la kufanya. Ndiyo maana sipendi kulifasiri kwa "kuchanganyikiwa". Aliyechanganyikiwa anaweza kuendelea kusema, tena maneno mengi, na kwetu neno hilo humgusa hata aliyerukwa na akili. Huyu wa "nonplussed" amekwama. Ameulizwa swali asilolitarajia, mdomo umebaki wazi, kikombe kimeganda mkononi, hakijafika mdomoni wala hakijarudi mezani. Kiswahili kinamjua mtu huyo siku nyingi: amepigwa na butwaa, ameduwaa.

Shida inaanzia Marekani. Huko, katika karne ya 20, wengi walianza kulitumia kinyume kabisa, kwa mtu ambaye jambo halikumbabaisha. Naamini kilichowapoteza ni ile "non" ya mwanzo, kwa kuwa masikioni mwao inasikika kama ya kukanusha. Leo kamusi ya Merriam-Webster inaziweka maana zote mbili.

Niliwahi kunaswa hapo. Katika hadithi ya Kimarekani kulikuwa na sentensi "He seemed nonplussed by the news", nami nikaandika: "Alionekana kupigwa na butwaa kwa habari ile." Aya iliyofuata, bwana yule anamaliza chakula chake, analipa, anaaga kwa tabasamu. Mhariri wangu akaniuliza, butwaa gani hiyo isiyomkatiza mtu tonge? Alisema kweli. Ilipaswa kuwa: "Habari ile wala haikumshtua."

Siku hizi nasoma kwanza sentensi mbili tatu za mbele, nikitazama mhusika anafanya nini na mikono yake. Mwandishi akiwa Mwingereza, mara nyingi ni butwaa. Akiwa Mmarekani, sikisii. Na wewe unayeandika kwa Kiingereza, ukitaka usieleweke vibaya, tumia "perplexed" kwa aliyetatizika na "unfazed" kwa asiyetikisika.