Masta kubwa haikupi breki kali

Jamani, kwa hili tuelewane. Mwendesha boda mwingine kaja hapa Ngamiani, Tanga, na masta silinda (ile pampu ya kwenye usukani inayosukuma mafuta ya breki) ya milimita 14, aliyoikuta kwa muuza spea kuukuu. Anataka nimfungie badala ya yake ya 11, eti kubwa itashika zaidi. Haitashika zaidi. Itapungua.

Vidole vyako ni vilevile, na kalipa inayobana pedi kwenye diski ni ileile. Pistoni ya masta yenye kipenyo cha milimita 11 ina eneo la milimita za mraba 95, ya 14 ina 154. Nguvu ileile ikitua kwenye eneo kubwa, presha inayokwenda kwenye kalipa inabaki kama asilimia 62. Ili usimame palepale ulipokuwa ukisimama, itabidi ubane mara 1.6 zaidi. Chukua sirinji mbili za maji, nene na nyembamba, usukume kwa dole gumba: nyembamba ndiyo inayorusha mbali.

Kinachowaponza watu ni ule ugumu. Masta kubwa inasukuma mafuta mengi kwa mwendo mfupi, kwa hiyo mkono wa breki hausogei. Mtu anabana pikipiki ikiwa imesimama, anasikia mkono mgumu, anaridhika na kulipa. Sasa ashuke Lushoto kwenda Mombo na abiria nyuma, kona juu ya kona. Kabla hajafika chini vidole vimekufa ganzi, na pikipiki bado inamvuta.

Ndogo mno nayo ni hatari, maana mkono utagusa usukani kabla pedi hazijabana sawasawa. Na ukiwa na diski mbili mbele, kalipa mbili zinataka mafuta mengi, hapo kubwa ni haki yake.

Namba utaikuta kwenye mwili wa masta: 11, 14, au 1/2, yaani inchi, sawa na 12.7. Lakini namba haisemi yote. Umbali kutoka egemeo la mkono hadi pistoni mara nyingi hauandikwi, na masta mbili za 12.7 zinaweza kushika tofauti kabisa. Kati ya 11 na 12.7 mimi siapi mpaka niiendeshe.

Mkono ukibonyea kama sponji, usikimbilie masta. Toa upepo kwanza, na mafuta yakigeuka kahawia yamwage. Pwani hii ina unyevu, na mafuta ya breki yanaunyonya: aina ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishalewa maji yaweza kuchemkia 155. Mvuke ukiingia humo, hata masta ya 11 haitakusimamisha.