Hajaanza kuokota makopo, lakini anaumwa: dhana potofu kuhusu unasihi kazini

Dhana: Anayekwenda kwa mnasihi, yaani mshauri nasaha, ameshachanganyikiwa.

Nilipokuwa keshia, asubuhi moja nilihesabu bunda moja la noti za elfu kumi mara nne, na kila mara nikapata jibu jingine. Mwenzangu wa dirisha la pili akaninong'oneza, "Dada, una mawazo wewe." Hakukosea. Miezi miwili nilikuwa sipati usingizi, ila kazini nafika, sare imepigwa pasi. Wengi wanaokaa mbele ya mnasihi wako hivyo. Tukisubiri mpaka mtu aokote makopo ndipo tukubali anaumwa, tumemchelewesha sisi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2022 kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka kwa sababu ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi.

Dhana: Hayo ya Wazungu. Sisi tuna ndugu.

Basi twende Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14, akawafundisha kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Kwa Kishona shida hiyo inaitwa *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi; kwetu ndiyo hiyo "ana mawazo". Bibi hamwambii mtu avumilie. Anamwacha ayataje yote yanayomsumbua, wachague moja, wapange hatua ya kuanzia. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ndugu nawapenda, lakini shangazi yangu angesema "kazi ndiyo hivyo, mwanangu", na kufika jioni ukoo mzima unajua.

Dhana: Nikisema, bosi atajua.

Hofu hii siibezi hata kidogo. Mnasihi hutunza siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Muulize kabla hujaanza: ofisini unapeleka taarifa gani? Kama mnasihi huyohuyo ndiye ofisa utumishi, tafuta mwingine.

Dhana: Chukua likizo, yataisha.

Nilichukua siku zangu 28. Niliporudi nikakuta foleni ileile, dirisha la tatu limefungwa, na wiki ya pili usingizi ukapotea tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kupindukia kama huu wangu kuwa unatokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Chanzo kiko kazini, na likizo haikigusi.

Mnasihi aliniambia niandike kila kosa na saa yake. Baada ya mwezi tukaitazama karatasi: karibu makosa yote yalikuwa siku za mishahara, baada ya saa nane mchana, sijala kitu. Kikao cha sita tukakubaliana niipeleke mwenyewe kwa meneja. Aliisoma akiwa amesimama, akaniomba nikae. Mishahara ya mwezi uliofuata dirisha la tatu lilikuwa na mtu, na mimi saa saba nilikuwa nakula.