Je, wajua? Kwa nini wanaume wa opera ya Yue huigizwa na wanawake

Katika opera ya Yue, ya mkoa wa Zhejiang mashariki mwa China, utamwona kijana msomi mwenye joho refu na sauti nyororo akimlilia mpenzi wake. Kijana huyo, karibu kila mara, ni mwanamke. Wengi hudhani hiyo ni mila ya tangu enzi na enzi, kumbe opera hii ilianza na wanaume peke yao.

Asili yake ni wilaya ya Sheng, ambayo leo huitwa Shengzhou. Wakulima wa huko walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiimba hadithi ili wapate chochote cha kutia mdomoni. Tarehe 27 Machi 1906, katika kijiji cha Dongwang, waimbaji hao wakaigiza jukwaani kwa mara ya kwanza. Walipanga mapipa manne ya mbao ya kupuria mpunga, wakalaza juu yake milango iliyobanduliwa, wakaazima nguo kwa majirani. Muziki ulikuwa wa kigoma na vibao tu, na mlio wake wa "di-du, di-du" ndio uliowapa jina: kundi la didu.

Walipofika Shanghai mwaka 1917, mji haukuwapokea vizuri. Mwaka 1923 mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Sheng, aliyeona jinsi vikundi vya wasichana wa opera nyingine vilivyokuwa vikijaza kumbi, alimtuma mwalimu Jin Rongshui arudi kijijini Shijia'ao kufundisha mabinti. Kwa hiyo chanzo kilikuwa hesabu ya biashara. Mabinti hao wengi walitoka katika nyumba maskini, na jukwaa likawa riziki yao.

Lakini biashara peke yake haielezi kwa nini wanaume walitoweka. Kufikia miaka ya 1940 waimbaji wa kiume walikuwa karibu kwisha, na wapenzi wakubwa wa opera hii huko Shanghai walikuwa wanawake, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Naamini walimpenda yule kijana wa jukwaani kwa kuwa alikuwa mpole, msikivu na mwepesi wa machozi.

Muziki nao ukageuka. Mwaka 1943, mwigizaji Yuan Xuefen alipoigiza mjane akimwomboleza mumewe, kilio chake kiliacha njia ya wimbo uliozoeleka. Mpiga fidla Zhou Baocai akamfuata papo hapo kwa nyuzi zake, na hapo ukazaliwa mtindo wa *chi*, wa polepole na wenye huzuni, ambao hadi leo ni uti wa mgongo wa opera ya Yue. Nyimbo zikawa zimekatwa kwa kipimo cha koo la kike. Kuanzia miaka ya 1950 wanaume walirudishwa, na wengine kama Zhao Zhigang walipata sifa kubwa, ila kuwaimbisha mwanamume na mwanamke pamoja katika ufunguo mmoja wa sauti kumebaki kazi ngumu.

Vita ni vichache katika michezo yake. Mapenzi ndiyo yaliyotawala. Ipo *Ndoto ya Jumba Jekundu*, iliyowapa umaarufu Xu Yulan na Wang Wenjuan, na ipo ya mjane wa Xianglin, iliyotolewa mwaka 1946 kutokana na hadithi ya mwandishi Lu Xun. Inayopendwa kuliko zote ni ya Liang Shanbo na Zhu Yingtai, ambayo filamu yake Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, aliionyesha kwa wageni mjini Geneva mwaka 1954.

Zhu ni binti aliyejifanya mvulana ili aende shule. Siku ya kuagana, Liang anamsindikiza bila kujua kitu. Wanafika kisimani, Zhu anainama na kumwonyesha vivuli viwili majini: tazama, mwanamume na mwanamke wanatabasamu. Liang anakasirika. Yeye ni mwanamume kamili, anasema, kwa nini afananishwe na mwanamke? Na anayeimba maneno hayo, chini ya joho la kiume, ni mwanamke.