Mtoto anaharisha, mbona maji matupu hayatoshi? Maswali na majibu

Swali: Mwanangu anaharisha tangu jana, nampa maji mengi tu ila bado amelegea. Hayo maji yanaenda wapi?

Pole sana mama. Mengi yanapita tu na kutoka. Maji yakiwa kwenye utumbo bado hayajaingia mwilini, ili yafike kwenye damu lazima yavuke seli za ukuta wa utumbo, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba sana wa mafuta. Sasa seli haina pampu ya kuvuta maji, hakuna kitu kama hicho, maji yenyewe yanafata chumvi ilipo nyingi. Hii ushaiona jikoni kwako, unakata nyanya na vitunguu vya kachumbari unatia chumvi, baada ya muda kidogo bakuli lina maji na wala hukuweka maji, yametoka ndani ya seli za nyanya kufata chumvi ya nje. Na mchicha ulionyauka ukiuloweka kwenye maji matupu unasimama tena, hapo ndani ya seli ndo kulikokolea kuliko nje kwa hiyo maji yameingia. Kitaalamu inaitwa osmosisi.

Swali: Basi nimpe maji ya chumvi?

Hapana, chumvi peke yake usimpe kabisa. Chumvi ina sodiamu, na sodiamu haiwezi kupenya ule utando wa mafuta, inahitaji mlango. Kwenye utumbo mdogo kuna mlango wa protini ambao mimi nikianza kuuelezea siachi, maana umeokoa watoto wengi mno: haupitishi kitu mpaka sodiamu na glukosi vifike pamoja (glukosi ni ile sukari ikishameng'enywa), sodiamu 2 kwa glukosi 1. Ikija sodiamu peke yake mlango haufanyi kazi, ikija sukari peke yake vilevile, vikija pamoja vinaingia alafu maji yanafata nyuma yao.

Na kinachoivuta sodiamu ndani ni nini? Upande wa nyuma wa seli, unaotazama damu, kuna pampu haipumziki usiku na mchana, kila mzunguko inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 (potasiamu ni madini mengine ya mwilini), inakula nguvu ya mwili kufanya hivyo, kwa hiyo ndani ya seli sodiamu inabaki chache muda wote na ile ya nje inatamani kuingia. Mwanasayansi Jens Skou wa Denmark ndo aliielezea pampu hii mwaka 1957, akapata tuzo ya Nobel 1997.

Swali: Lakini utumbo si umeshaharibiwa na ugonjwa, huo mlango utafanyaje kazi?

Swali zuri sana hili. Chukua kipindupindu, maana ndo kibaya zaidi. Sumu ya bakteria anayekileta inazilazimisha seli za utumbo kumwaga kloraidi (sehemu nyingine ya chumvi) ndani ya utumbo, sodiamu inafata, maji yanafata, mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza mpaka lita moja kwa saa. Lakini ule mlango wa sukari na sodiamu sumu haiugusi! Mwanasayansi Robert Crane alieleza kwenye mkutano mjini Prague mwaka 1960 jinsi sodiamu na glukosi zinavyoingia pamoja, na mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladesh, kwenye kambi ya wakimbizi Bangaon kule India, dripu zilikuwa zinaisha, daktari Dilip Mahalanabis akaamua wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, wengi wakinyweshwa na ndugu zao wenyewe, vifo vikashuka kutoka karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 mpaka chini ya 4.

Swali: Soda si ina sukari? Na madafu je?

Soda usimpe. Lita moja ya soda nyingi ina sukari zaidi ya gramu 100 wakati ORS ya sasa (ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) ina glukosi gramu 13.5 tu kwa lita, sukari ikizidi hivyo inabaki kwenye utumbo na kuvuta maji kutoka mwilini, mtoto anaharisha zaidi. Madafu yana potasiamu nzuri ila sodiamu ni chache, anywe lakini yasichukue nafasi ya ORS. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo unasaidia, wanga unageuka glukosi taratibu. Na ziwa la mama lisikatishwe hata kidogo.

Swali: Nachanganyaje?

Soma pakiti, nyingi ni za lita moja, na angalia chupa unayopimia maana zile kubwa za dukani nyingi ni lita moja na nusu. Ukikosa pakiti kabisa: maji safi yaliyochemshwa yakapoa lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi NUSU kijiko cha chai. Usikadirie kwa mkono, chumvi ikizidi inanyonya maji kutoka kwenye seli hadi za ubongo. Wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kila akiharisha, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, kidogokidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika 10 uendelee.

Swali: Nimempa na bado anaharisha, haifanyi kazi?

Inafanya. ORS inarudisha maji, kuharisha kwenyewe kutaisha siku zake, wamama wengi wanaacha hapa na hapa ndo pabaya. Ongeza zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14, chini ya miezi 6 ni miligramu 10. Ila macho yakiingia ndani, ukifinya ngozi ya tumbo ikarudi polepole, amelegea sana, hawezi kunywa au kuna damu kwenye choo, beba mtoto nenda hospitali sasa hivi, na njiani endelea kumnywesha kama anaweza kumeza.

Swali: Iliyobaki naweka friji?

Ifunike vizuri, ikipita saa 24 mwaga uchanganye nyingine.